Watoto Tisa wa Bulla Yetu

Kijiwe chetu kiko Iftin, bulla yetu, yaani mtaa wetu, hapa Garissa, ubavuni mwa kioski cha maji, chini ya bati ambalo Kerrow alilipigilia mwenyewe na ndiyo maana limepinda. Benchi ni ubao wa ubavu wa lori lililokufa zamani, umelazwa juu ya mataili mawili. Kahawa ni yangu. Naipika na tangawizi na iliki, na anayetaka chai ya maziwa ya ngamia hungoja, kwa sababu maziwa hayafiki kabla ya saa tatu. Jina langu Maka, lakini wote wananiita Ayeyo, yaani bibi, hata wale wenye mvi kunishinda. Nilisoma mpaka darasa la saba. Inatosha kusoma barua ya serikali na kujua mahali ilipofichwa habari mbaya. Mengine nayasikia hapa hapa, kikombe kwa kikombe, na mengi ni ujinga. Ujinga silipishi.

Jumatano ile walikuwa wamekaa watatu. Wa kwanza Billow, ambaye tunamwita Waziri. Hajawahi kuwa waziri wa chochote. Alikuwa dereva wa mkubwa mmoja wa fedha, na kule kushika usukani miaka kumi na moja huku akisikiliza simu za mkubwa huyo kumemfanya aamini kwamba bajeti anaijua yeye. Wa pili Kerrow, mtoto wa kaka yangu, dalali wa soko la mifugo. Jina lake la kijiweni ni Bei ya Mwisho, kwa kuwa hajawahi kuwa nayo. Wa tatu Hamze wa bodaboda, anayeitwa Isli, kwa sababu alikaa Isli kule Nairobi miezi mitatu na mpaka leo umerudi mwili wake tu. Waziri alishaweka sheria zamani: mambo ya serikali huzungumzwa kwa Kiswahili, maana serikali Kisomali haikisikii.

Weris, mwalimu wa chekechea yetu, alikuja anatembea kama mtu anayekimbizwa. Si kawaida yake kusimama kijiweni penye wanaume. Aliwapita wote watatu akanipa mimi karatasi. Nikavaa miwani. Ulikuwa ukurasa wa kitabu cha bajeti ya kaunti, ule wa wadi yetu, kitabu ambacho bado hakijapitishwa.

Nikawasomea. Chekechea ya bulla hii, watoto tisa. Iunganishwe na ile ya ng'ambo ya lami. Fedha za uji, hakuna. Mwalimu ahamishwe.

— Tisa, akasema Weris. Ayeyo, tisa ni wale wanaokaa mkeka wa mbele. Mimi nagawa uji kwa zamu kwa sababu vikombe havitoshi.

Hamze akamwuliza kwa nini asipeleke daftari lake la mahudhurio. Weris akasema amelipeleka, limerudishwa. Kuna mahali shule ziliandika watoto wa hewa, basi kaunti imekataa madaftari. Inayofuatwa ni hesabu ya nyumba kwa nyumba tu, iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba, ile iliyofanywa wakati wa kiangazi na kijana mwenye tablet. Hiyo ndiyo imeleta tisa. Leo ni siku ya wananchi kutoa maoni pale ukumbini, na kikao kinafungwa alasiri. Kikishafungwa, kitabu kinakwenda bunge la kaunti kama kilivyo.

— Mimi nitapata kazi kwingine, akasema. Lakini hawa watavuka lami kila siku, kwenda na kurudi.

Lami hiyo ndiyo njia ya malori ya Dadaab. Mwaka jana lori lilimkanyaga mbuzi wa Kerrow saa nne asubuhi, kweupe, na mbuzi yule alikuwa mzee mwenye akili zake. Mtoto wa miaka minne hana akili ya mbuzi. Nina mjukuu pale kwa Weris, Mustaf, ambaye anaweza kusimama katikati ya barabara akachagua kokoto.

Weris akachukua karatasi yake, akaketi juu ya jerikeni kando yangu, akangoja wanaume watoe mawazo. Hilo lilikuwa kosa lake.

Waziri alianza, kwa sababu Waziri huanza. Alishusha kikombe polepole, kama mtu anayeweka muhuri.

— Hapa hakuna fumbo. Watoto wamehamishwa fungu.

— Fungu gani, adeer? akauliza Hamze, akimwita ami kwa adabu.

— Bajeti ni mafungu. Fungu la afya, fungu la maji, fungu la barabara. Moja likipungua, mkubwa anachota la jirani. Nimesikia kwa masikio haya nikiendesha: toa huku, weka kule. Watoto wetu saa hii wako fungu la barabara.

— Wamekuwa kokoto, nikasema.

— Kwenye karatasi, Ayeyo. Kwenye karatasi mtu anaweza kuwa kokoto mwaka mzima na asijue. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Mtoto mmoja hapa, mmoja pale, kibaba cha barabara kikajaa.

Hamze akacheka mpaka kahawa ikammwagikia.

— Buda, unachoma. Hii ni mambo ya tablet. Tablet haioni mtoto anakimbia. Inataka uso, itulie, ipigwe picha. Sasa watoto wa hapa wanatuliaga saa ngapi?

— Kwa hivyo tisa ndio waliotulia, akasema Waziri, akaanza kupendezwa.

— Hapo sasa.

Na kwa kuwa alipendezwa, Hamze akaongeza. Akasema tablet yenyewe haifanyi kazi peke yake, inaulizana na satelaiti huko juu. Satelaiti inapita Garissa saa saba mchana, saa ambayo mtoto mwenye mama yuko kivulini. Walio nje ni mbuzi. Tena kwa joto hili, ukitazama kutoka juu, mtoto na mbuzi ni rangi moja. Kwa hiyo watoto wetu hawakupotea. Wako kwenye hesabu ya mifugo.

Kerrow akashtuka. Kama watoto wameingia kwa mbuzi, akasema, basi idadi ya mbuzi itapanda, na ikipanda, ushuru wa soko utapanda. Ndipo wakabishana, watu wazima watatu, kama mtoto aliyeandikwa mbuzi anastahili chanjo ya mbuzi. Hamze akasema mbuzi huchanjwa kila mwaka bila kukosa, daktari wao anakuja na gari, huenda watoto wamepandishwa cheo. Waziri akakubali kwamba kweli, mbuzi wana fungu zuri. Weris alikuwa anakunja na kukunjua ile karatasi.

— Nyinyi yote hamjui soko, akasema Kerrow. Hii watoto imenunuliwa.

— Na nani?

— Hawa watu ya ng'ambo. Mimi nimeona miaka ngapi? Watu ya msaada ikikuja kuangalia mifugo wakati ya ukame, mtu iko na mbuzi nane inaazima ya jirani, inakuwa na themanini. Sasa wamefanya hivyo na watoto. Mwalimu, soma, kule wameandika ngapi?

Weris akatazama ukurasa. Mia na arobaini.

— Umeona? Kule hakuna hata nyumba thelathini. Hiyo ni yetu imeingia huko.

Sikumwambia kuwa kule kuna nyumba mia na zaidi, kwa sababu hakuna aliyekuwa anasikiliza. Moto ulikuwa umeshika. Kerrow akasema dawa ni moja: na sisi tukodishe. Anamjua mtu Banissa ambaye anaweza kujaza lori zima la watoto, siku mbili tu, kisha warudishwe kwao salama. Yeye atachukua kidogo kwa kila kichwa, haki yake ya udalali. Waziri akataka wawe safi, wenye viatu, kwa sababu wataonekana ukumbini. Hamze akajitolea kuongoza lori na pikipiki yake, taa zikiwaka. Nikauliza lori la kutoka Banissa litafikaje hapa kabla ya alasiri. Waziri akanipungia mkono.

— Ayeyo, wahenga walisema wingi si hoja. Maana yake, tukileta wengi, hakuna atakayehoji.

— Watoto wapo, akasema Weris. Wako pale kwenye chumba changu, wanapigana. Hawahitaji kukodishwa.

Waziri akaona amfariji. Akamwambia asihuzunike, kwani asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haudai mshahara. Weris alimtazama kama mtu anavyotazama nzi kwenye kikombe chake.

Hapo ndipo alipotokea binti mmoja. Viatu vyeupe kwa vumbi, kitambulisho shingoni, faili kwapani. Akatoa salamu, tukaitikia. Akaomba maji kabla ya kahawa, na alivyokunywa nikajua ametembea sana. Jina lake Hinda, wa Sangailu, karani wa bajeti. Ametumwa kwenye bulla ambazo hesabu zake zimeonekana za ajabu, na ana fomu ya marekebisho. Tangu asubuhi amebisha milango ishirini na miwili ya bulla hii na fomu bado ni nyeupe.

— Nyumba arobaini, watoto tisa, akasema. Hata mashine ilikataa mara ya kwanza. Nina swali moja tu. Mkinijibu na kutia sahihi, tisa inafutwa leo.

Waziri akajiweka sawa kwenye benchi.

— Uliza, binti yangu. Umefika penyewe.

— Adeer, nyumbani kwako kuna watoto wangapi walio chini ya miaka sita?

Waziri akatazama ndani ya kikombe.

— Alhamdulillahi, akasema.

— Alhamdulillahi ni wangapi?

— Wako wa kutosha.

Hinda akamgeukia Kerrow. Kerrow, aliyekuwa ameuliza watoto wa ng'ambo ni wangapi bila kupepesa jicho, akasema Mungu ametoa. Hamze akasema wapo, wapo tu. Akanigeukia mimi, nami nikagundua kwamba jiko linahitaji kupepewa.

Asiye wa huku atatuona wajinga, basi nieleze. Mfugaji hahesabu ngamia wake kwa mdomo. Jioni anawatazama wakiingia, na asiyekuwepo anamjua kwa jina na kwa rangi. Ukitaja idadi, umeliita jicho la watu, na jicho likija halirudi mikono mitupu. Watoto ni zaidi ya ngamia. Mtu akikuuliza unao wangapi, unasema Mungu anajua, naye akiwa na adabu anaelewa, anaulizia mvua. Yule kijana wa kiangazi hakuelewa. Alisimama kwenye kila mlango na tablet yake mpaka aambiwe kitu.

— Mlimwambia nini? akauliza Hinda.

Waziri akakohoa. Alimwambia mmoja, akasema, ili aondoke. Kerrow alimwambia wa kwake wote wamekwenda na ngamia, kijana akawafuta. Hamze alisema yeye hajaoa, na mkewe alikuwa nyuma ya mlango amembeba mtoto, akayasikia, na mpaka leo chakula cha Hamze kinakuja baridi. Mimi nilimwambia katika nyumba hii hakuna mtoto. Nilipokuwa nasema hayo wajukuu wangu walikuwa stoo, nimewafungia na kifuko cha sukari. Mmoja akapiga chafya. Nikamwambia ni mwanambuzi.

Tukamgeukia Weris, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haki ya kututukana. Alikuwa amefunika uso na ncha ya mtandio.

— Na mimi, akasema. Nina msichana wangu. Nilimwambia sina.

Basi hapakuwa na fungu, wala satelaiti, wala mwizi wa ng'ambo. Tisa ulikuwa uongo wetu ukijumlishwa. Tena kwa jinsi tulivyodanganya kwa bidii, nashangaa ilifika tisa.

Nami nisionekane namcheka mtu. Miaka mingi nyuma mgeni mmoja alisimama mlangoni kwangu akawahesabu wanangu kwa kidole, mmoja mmoja, akisema ni wengi. Siku kumi baadaye nilimzika wa tatu. Ilikuwa surua. Nimemlaumu mgeni yule miaka arobaini. Chanjo ilikuwa imekwisha zahanati wiki mbili kabla, hilo nililijua, lakini sikuwahi kuuliza ilikuwa imeletwa ya watoto wangapi, na aliyeileta aliambiwa na nani kuwa tuko wangapi. Nilijiuliza Jumatano ile, nikiwa na upepeo mkononi, na jibu lililokuja sikulipenda.

Hinda akasema yeye haruhusiwi kukisia. Asipoambiwa, haandiki. Adhana ya adhuhuri ilikuwa karibu. Waziri akapendekeza kila mtu ataje nusu, Hinda akamwuliza nusu ya mtoto inakunywa nusu kikombe? Hamze akasema wapigwe picha, Weris akamkumbusha kuwa hawatulii. Kisha mawazo yakaisha, jambo ambalo sijaliona kijiweni hapa tangu bati lipigiliwe.

Kerrow alikuwa anatazama barabara. Halafu akavuta shali lake kutoka begani, akasogea karibu na Waziri, akalitupa juu ya mikono yao miwili.

Kwenye soko letu la mifugo bei haisemwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi wanashikana mikono chini ya kitambaa. Ukibana kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, kiganja chote ni tano, na wanaosimama kando hawaoni kitu. Midomo inazungumza mvua huku mikono inagombana. Kerrow amekula mkate wake chini ya kitambaa hicho tangu ana ndevu tatu.

— Mvua ya Sangailu vipi? akauliza, akitazama mbele.

— Ilinyesha kidogo, akasema Waziri, naye akitazama mbele.

Shali likatikisika. Likatikisika tena. Nyusi za Kerrow zikapanda.

— Warya, wewe, Billow.

— Nyamaza.

Kerrow akaniita, Eddo, lete mkono. Mimi ni shangazi yake, mkono wake kwangu si haramu, na pale sokoni niliuza mbuzi miaka thelathini. Akanibana chini ya shali. Uso wangu haukuonyesha kitu, lakini moyoni nilisema, kumbe mzee huyu nyumbani ana kazi. Nikamgeukia Hinda nikambana idadi ile ile. Hakukosea. Alisema babu yake alikuwa dalali Sangailu, na kalamu ikaandika.

Hapo Waziri akasita. Akauliza, je, kuandika si kuhesabu? Tukamwachia ahukumu mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye serikali. Akafikiri, akasema kalamu haina ulimi. Akatia sahihi ndefu, ya kimkubwa.

Sasa kijiwe kikawa soko. Hamze akawasha pikipiki akazunguka bulla nzima akipiga honi. Wanaume walipotoka msikitini walikuta mambo, wakajipanga. Mwanaume anampa Kerrow mkono, Kerrow ananipa mimi, mimi nampa Hinda. Wanawake wakaja upande wangu moja kwa moja, chini ya mtandio wangu. Mke wa Hamze alikuja mwenyewe. Hakumruhusu mumewe atoe mkono. Aliniambia kwa sauti, ili asikie, kwamba yeye ameolewa, na kuna mtu anaitwa baba. Halafu akanibana kidole kimoja mpaka mfupa ukalia.

Kulitokea ugomvi mmoja tu. Mzee Bulle alipotoa idadi yake, Kerrow kwa mazoea ya miaka yote akapunguza. Alibanwa vinne, akarudisha viwili. Mzee akavuta mkono wake nje.

— Kerrow, hawa si mbuzi. Hakuna kupunguziana.

Kerrow akaomba radhi, wakaanza upya, na watu walicheka mpaka foleni ikavunjika. Weris alikuwa anakimbia huku na huku akiwapanga kama watoto wake wa mkeka, na waliojaribu kupita mbele aliwashika sikio, hata wenye ndevu. Zamu yake ilipofika alinipa kidole kimoja, taratibu. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilimbana Hinda kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika, kwa ajili ya ile chafya.

Fomu ikajaa mbele, ikajaa nyuma. Saa tisa ikawa inakaribia. Hinda akafunga faili, kisha akasema lile ambalo pengine angelisema mwanzo.

— Kuna jambo. Ukumbini hesabu itasomwa. Ni sheria, badiliko lolote husomwa mbele ya wananchi, kwa sauti.

Waziri akanyoosha mkono kuelekea faili, akasema afutiwe yake, yeye atarudi kwa mmoja, mmoja hauna ubaya. Nyuma yake nikasikia wengine wakianza kusema na sisi, na sisi. Weris akasimama katikati ya Waziri na faili.

— Adeer Billow. Mwezi wa saba, bajeti hii ikianza, ukimwokota mtoto kwenye lami, usiniambie ni jicho.

Hakupandisha sauti. Waziri alibaki amenyoosha mkono vile vile kama mtu anayeomba salamu. Kisha akaurudisha, akaufuta kwenye kikoi chake, akasema basi twendeni, mbona mmesimama.

Tukaenda wote. Hinda na faili walipanda pikipiki ya Hamze, sisi kwa miguu, na kahawa niliiacha jikoni ijilinde.

Bwana wa bajeti si wa huku. Alikuwa na meza, maikrofoni na chupa ya maji, na uso wa mtu aliyetarajia kufunga mapema. Akaona ukumbi unajaa akavaa miwani. Hinda akamwekea fomu mbele. Akaisoma kimya, akaigeuza, akamtazama Hinda, akaigeuza tena. Kisha akasogeza maikrofoni.

— Marekebisho. Chekechea ya bulla hii. Badala ya watoto tisa, watoto...

Kerrow, kwa ile sauti anayouzia ngamia, akasema Mashaallah. Ukumbi mzima ukaidaka. Mashaallah ndilo neno la kulifunga jicho, na sisi hatukulisema kwa furaha tu, tulilisema kama mtu anavyotupa blanketi juu ya moto. Lilivingirika ukutani na kurudi, na ndani yake idadi ile ikazama, hata mimi niliyeipitisha mkononi sikuisikia.

Bwana yule akangoja tutulie. Akasoma tena. Tukasema tena, na safari hii kina mama wakaongeza vigelegele. Akasoma mara ya tatu, mdomo wake nikauona ukicheza, sauti hakuna. Akamwinamia Hinda. Hinda akamwambia kitu kifupi, akiwa ameangalia chini ili asicheke.

Basi akaandika. Akagonga muhuri, mara mbili. Akasema kwa hesabu hii chekechea inabaki ilipo na mwalimu wake, fedha za uji zinarudishwa kwa kila aliye kwenye fomu, na mwalimu wa pili ataombwa bungeni. Weris alinishika mkono akaubana wote, kiganja kizima, bila kipimo. Nikamwambia angoje, uji nitauamini ukiwa kwenye kikombe na mvuke ukitoka. Lakini sikumtoa mkono.

Watu walikuwa wameanza kuinuka wakati bwana yule alipokumbuka kitu. Sheria inataka, akasema, wananchi wenyewe waikubali hesabu kabla haijafungwa.

— Tunakubali, tukasema.

— Mnakubali watoto wangapi?

Tukatazamana. Waziri akasimama, akafunga kifungo cha koti, akakohoa kimkubwa.

— Bwana, akasema, wako vile vile ulivyosema.